Mstari wa Buluu Si Njia

Makala ya hifadhidata niliyowaahidi itangoja kidogo. Najua, ni mara ya pili naiahirisha. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatano na nisipoliandika sitalala.

Jumatano jioni, kwenye kundi letu la WhatsApp la watembezi, jamaa mmoja aliuliza: "Nani ana njia ya lile korongo?" Hata dakika tatu hazikupita, faili ikatumwa. Faili ya GPX, kilobaiti mia mbili na kitu. Watu wakarusha vidole gumba, wengine mioyo, mmoja akaandika "asante sana mkuu, Jumamosi tunaingia." Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mimi, kwa ile tabia yangu mbaya ya kufungua kila kitu kwa kihariri cha matini, nikaifungua. Nukta elfu tatu na ushei. Neno lililoandikwa na binadamu, hata moja hamna. Jina lilikuwa "Matembezi ya asubuhi", lile ambalo simu hujiandikia yenyewe. Tarehe ilikuwa ya Februari, miaka mitatu iliyopita.

Nikauliza: siku hiyo maji yalikuwa kiasi gani? Kimya. Mlitumia kamba ya mita ngapi? Kimya. Mtu akikwama katikati anatokea wapi? Hapo ndipo nikajibiwa: "Boss, usituchoshe, fuata tu ule mstari wa buluu."

Haya, tuuzungumzie huo mstari wa buluu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: kuna watu, na mimi ni mmoja wao kwa miaka minne sasa, ambao wikendi badala ya kupanda mlima wanashuka korongo. Unaingia juu, unatokea chini. Mahali pengine unatembea, pengine unaogelea, pengine unafunga kamba kwenye mti au jiwe na kushuka nayo ukutani. Wamarekani wa Utah na Arizona wameufanya mchezo mkubwa, Wafaransa na Wahispania vivyo hivyo. Kwetu Kenya tuko wachache, lakini tunaongezeka, na vifaa vinapatikana Nairobi ukiwa na pesa.

Kuna kitu kimoja kinachotofautisha korongo na mlima, na nataka ukishike kabla hatujaendelea. Mlimani ukichoka unageuka, njia uliyojia ndiyo ya kurudia. Korongoni ukishashuka kwa kamba halafu ukaivuta ili uitumie mbele, mlango wa nyuma umefungwa. Huwezi kurudi juu. Kuanzia dakika hiyo huna la kufanya ila kwenda mbele, na kama hujui kilichoko mbele, wewe si mtembezi tena, wewe ni mcheza kamari.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata. Tulikuwa watu sita, korongo moja kule Kajiado ambalo silitaji jina (sababu nitaisema baadaye), na tulikuwa na faili ya namna hii hii, mstari mtupu. Tulikuwa na kamba moja ya mita 30. Ukiikunja mara mbili ili uweze kuivuta ukiwa chini, inakufikisha mita 15. Kwenye faili mteremko wa pili ulionekana kama mita 8. Tukashuka wa kwanza, tukavuta kamba, tukaimba kidogo, tukafika wa pili. Ulikuwa zaidi ya mita 20. Chini kulikuwa na dimbwi jeusi ambalo hatukujua kina chake. Nyuma yetu ukuta tulioshuka. Juu yetu mkanda mwembamba wa anga, na upande wa vilima mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Tulipiga filimbi kwa karibu saa nzima. Aliyetusikia ni kijana mchungaji, akamwita babu yake. Mzee alisimama ukingoni, akatuangalia, akatuonyesha kwa fimbo: nyuma kidogo, labda hatua arobaini kutoka tulipokuwa, kulikuwa na mwanya nyuma ya mtini, na kutoka hapo ngazi ya mawe hadi juu. Tulikuwa tumeupita bila kuuona. Mbuzi wote wa eneo lile wanaujua. Tulipofika juu mzee alisema, "Wanangu, mbona hamkuuliza kabla ya kuingia?" Tukasema, "Shikamoo mzee, tulikuwa na ramani." Akacheka hadi akakaa chini.

Sasa wewe kama mtu wa kompyuta utaniuliza, mita 20 zilikuwaje mita 8? Hii ndiyo sehemu inayonifurahisha, niruhusu nikae hapa kidogo. Simu yako inajua ilipo kwa kusikiliza satelaiti na kupima muda ambao ishara imechukua kufika. Inahitaji angalau satelaiti nne, na inazitaka zitawanyike angani, si zote upande mmoja. Ukiwa chini ya korongo jembamba unaona anga kama ufa. Satelaiti unazozipata ni zile chache zilizo karibu na utosi wako, na ishara nyingine zinakufikia baada ya kugonga ukuta na kurudi, kwa hivyo zimesafiri mbali kuliko zinavyodai. Simu haijui kwamba imedanganywa. Inakokotoa kwa imani yote na kukuweka mita 30 ndani ya mwamba. Kwa kimo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hata uwanjani kimo cha GPS hakiaminiki kama longitudo na latitudo. Kisha programu, ili ikupe picha nzuri ya kuwaonyesha marafiki, inalainisha data. Inaona kimo kimeanguka mita 20 ndani ya sekunde chache, inafikiri ni kosa, inakipiga pasi. Genge linakuwa kilima. Mstari unabaki mzuri, wa buluu, unapendeza macho. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii yetu ni fupi na imelainishwa.

Kwa hivyo hoja yangu ya kwanza ni hii. Katika korongo, faili ya mstari ni mbovu pale pale ambapo unaihitaji zaidi. Inakuambia vizuri mahali pa kuegesha gari. Mahali pa kufa haikuambii.

Na si kosa la muundo wa faili, wallahi. GPX ni ya mwaka 2002, toleo lake la 1.1 tunalotumia hadi leo ni la 2004. Ni XML ya kawaida, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma. Kila nukta ndani yake ina nafasi ya jina, ya maelezo, ya maoni, ya wakati, hata ya viungo vya picha. Walioitunga walijua kwamba binadamu ana maneno. Ni sisi tunaoacha nafasi hizo tupu, na programu za simu zetu zinaziacha tupu kwa niaba yetu, kwa kuwa programu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokimbia barabarani na wanaotaka kujua wamechoma kalori ngapi. Tumechukua chombo cha mkimbiaji wa barabarani tukakifanya mwongozo wa mtu anayening'inia kwenye kamba.

Wenzetu wanafanyaje? Mtazame Mfaransa. Mfumo wao wa kupima makorongo una tarakimu tatu. Ya kwanza ni ugumu wa kamba, ya pili ugumu wa maji, zote kuanzia 1 hadi 7. Ya tatu ni namba ya Kirumi, I hadi VI, na hiyo ndiyo inayonipendeza, kwa sababu mojawapo ya vitu inavyopima ni muda: maji yakija, utachukua muda gani kufika mahali ambapo hayakufikii? Korongo la daraja la II, robo saa isizidi. La III, nusu saa. La IV, saa nzima. Hebu fikiria. Namba moja tu, na ndani yake kuna jibu la swali ambalo kundi letu zima lilishindwa kunijibu Jumatano.

Halafu Wafaransa hao hao wana tovuti yao ya Descente-canyon, ambapo mtu akitoka korongoni anaandika tarehe na hali ya maji: makavu, kidogo, ya kawaida, mengi, yamezidi. Basi. Mstari mmoja. Wiki ijayo mwingine naye anaandika wake. Baada ya miaka michache unajua korongo hilo lina tabia gani mwezi wa Mei. Wamarekani wana RopeWiki, ambayo kila ukurasa wake unakuambia idadi ya miteremko ya kamba, mrefu kuliko yote ni mita ngapi, muda wa kufika, muda wa ndani, muda wa kurudi, miezi inayofaa, na ramani unayoweza kuipakua. Ramani ipo, ndiyo. Lakini ni kipande kimoja kati ya vingi, na ripoti za hali zina tarehe. Ukisoma ripoti ya miaka mitatu iliyopita unajua ni ya miaka mitatu iliyopita.

Tarehe! Programu bila namba ya toleo hatuikubali. Mtu akikuletea maktaba ya msimbo isiyojulikana ni ya lini unamfukuza. Lakini korongo, ambalo mvua moja inaweza kuhamisha mawe makubwa kama matatu, kujaza mchanga dimbwi lililokuwa na kina, au kung'oa mti uliokuwa wa kufungia kamba, tunalipokea kama lililochongwa na Mungu jana na halitabadilika kesho.

Twende Naivasha. Wengi wenu mmefika Hell's Gate, hata kama ni kwa safari ya shule. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji ya ziwa la kale, kubwa kuliko Naivasha ya leo, yalipopata pa kutokea upande wa kusini. Ni zuri, ni jembamba, na mahali pengine ukinyoosha mikono yote miwili karibu unagusa kuta. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta humo vijana wa kanisa moja la Nairobi, saba wakafa. Septemba 2019 yakaja tena, na tena watu saba wakafa, mwelekezi wa hapo hapo akiwa miongoni mwao. Shirika la KWS likalifunga korongo.

Angalia miezi. Aprili ni masika, kila mtu anajua. Septemba si masika. Mtu anayepanga safari kwa kalenda angesema Septemba ni salama. Na huyo mwelekezi alilijua korongo kuliko faili yoyote utakayowahi kupakua, akafa nalo. Kwa hivyo simwambii mtu kwamba maandishi yangewaokoa. Sijui, na anayedai anajua anawakosea wafiwa adabu. Ninachosema ni kwamba baada ya 2012 jambo kubwa zaidi la kulijua kuhusu korongo lile, kwamba maji yanaweza kuja kutoka usikokuona, lilikuwa jambo la kwanza kuandikwa juu ya kila njia inayopita humo. Halikupaswa kubaki kwenye gazeti la zamani na vichwani mwa watu.

Na hili la maji kutoka usikokuona, watu hawaliamini hadi uwapigie hesabu. Agosti 1997, Antelope Canyon huko Arizona, watalii 11 walikufa kwa mvua iliyonyesha mbali juu yao, si walipokuwa wamesimama. Chukua korongo lako, tuseme eneo linaloliletea maji ni kilomita za mraba 30. Si eneo kubwa, ni vilima vichache. Inyeshe milimita 20, mvua ya alasiri moja. Hizo ni mita za ujazo 600,000. Tuseme ardhi ikanywa robo tatu. Zinabaki 150,000, na zote zinatafuta kutokea kwenye ufa wa upana wa mita mbili. Bowza ya maji inayokuja mtaani kwenu inabeba labda mita za ujazo 10. Hizo ni bowza 15,000 zinazokuja kwenye kichochoro, na wewe umo kichochoroni.

Uzuri ni kwamba hesabu hiyo tunaweza kuifanya bure. Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima vimo kwa rada. Kwa miaka mingi data safi, ile ya takriban mita 30, ilitolewa kwa Marekani tu na sisi tukapewa ya mita 90. Mwaka 2014 wakaanza kuifungua kwa dunia nzima, na bara la kwanza lilikuwa Afrika. Ipakue, ifungue kwenye QGIS, weka nukta kwenye mdomo wa korongo, iambie programu ikuchoree eneo lote ambalo tone la maji likianguka litapita hapo. Dakika kumi ukishazoea. Data ya mita 30 haitakuonyesha mwanya nyuma ya mtini, na korongo jembamba huenda isilione kabisa, lakini vilima vinavyokuletea maji itakuonyesha. Ukishajua vilima vyako, unajua mawingu yapi ni yako. Hiyo ni taarifa ya njia. Mstari wa buluu nao? Hiyo ni picha ya mahali ambapo mtu mwingine alitembea siku ambayo maji hayakuja.

Sasa najua wapinzani wangu, wako wa aina tatu, na wawili kati yao ni marafiki zangu kwa hivyo nitawasema kwa upole.

Wa kwanza ni wale wa siri. Hawa wanasema ukiandika njia vizuri, kila mtu atakwenda, wasiojua kamba watakwenda, watakufa na kutupa chupa za plastiki. Wacha ibaki ngumu kupatikana, ugumu ni kichujio. Wanapenda kutaja Keyhole Canyon, Utah, Septemba 2015. Wale walikuwa na kibali cha hifadhi, walikuwa na kamba, utabiri ulikuwepo, na saba walikufa. "Unaona? Taarifa haikuwasaidia." Ndiyo, taarifa haikuwasaidia wote. Tahadhari rasmi ya mafuriko ilitolewa mchana wakiwa tayari wako nje, ambako simu haishiki. Lakini ninyi mnachotoa si ukimya. Laiti mngenyamaza! Mnatoa mstari. Mnautuma kwa siri, kwa rafiki, naye kwa rafiki yake, hadi unafika kwenye kundi la watu 240, na kila unapohama unapoteza maneno machache yaliyokuwa yameandikwa kando yake. Mnachuja maelezo, faili mnaiacha ipite. Kichujio gani hicho kinachoshika chai na kupitisha majani?

Kama unaona mahali hapafai kujulikana, sawa, nyamaza kabisa, nitakuheshimu. Kuna sababu halali. Kwenye magenge ya Hell's Gate tai huzalia, na anayeshuka kamba mbele ya kiota anaweza kumfukuza mama. Kuna mapango ya popo. Kuna mahali ambapo wenyeji huomba. Na kuna mashamba ya watu, ndiyo sababu lile korongo la Kajiado silitaji: mzee yule ndiye mwenyewe, na sijarudi kumwomba ruhusa ya kuliandika. Nikimwomba akakataa, basi limekatazwa. Kati ya kuandika vizuri na kunyamaza mimi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hiki cha katikati.

Wa pili ni waelekezi. "Unatutoa mkate mdomoni." Hawa nawaelewa zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe naishi kwa kuuza ninachokijua. Lakini hebu tuambiane ukweli. Mimi programu huria zipo tele na bado nalipwa, kwa kuwa anayenilipa hanunui msimbo, ananunua mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Mteja wako hanunui siri ya mahali njia ilipo. Ananunua macho yako juu ya mawingu. Kwa kweli karatasi inayosema wazi "mteremko wa mita 22, maji baridi, hakuna pa kutokea kwa nusu saa" itakuletea wateja, maana mwenye akili akiisoma atasema, ngoja nitafute mtu anayejua. Ni mstari wa buluu unaomwambia kwamba hakuhitaji.

Wa tatu sina upole naye. Ni zile programu zinazokusanya matembezi yetu, zinayafungia ndani, kisha zinatuuzia kwa mwezi haki ya kuyaona bila mtandao. Bila mtandao! Korongoni! Yaani kile kitu pekee ambacho kila mtu korongoni hana, ndicho kilichowekwa bei. Sisi tumetembea, sisi tumechanika suruali, na ukitaka kutoa data yako yote kwa pamoja unazungushwa kama ofisi ya ardhi. Nchi hii ilionyesha mwaka 2009 kwamba inaweza kufanya tofauti. Vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakaichora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, mtaa ambao kwenye ramani ulikuwa kama pengo tupu, na ramani hiyo ni ya kila mtu hadi leo. Waliandika vyoo, visima, zahanati, vitu ambavyo mtu anayeishi pale anavihitaji. Hawakuchora mstari wa "nilipopita mimi".

Mtu ataniambia, "Kaka, unataka tuandike riwaya kila tukitoka?" Hapana. Nilijipima Jumapili, baada ya korongo dogo tu. Tarehe. Maji yalifika wapi mwilini, magoti au kifua, kwa sababu mita watu hawakadirii vizuri wakiwa wamelowa. Kamba ndefu kuliko zote uliyohitaji, na uliifunga wapi, mti au jiwe, na je, ulikuwa imara. Mahali pa kutokea kati ya mteremko mmoja na mwingine, kwa dakika, kama Mfaransa. Vilima vinavyoleta maji, kwa majina ambayo wenyeji wanayatumia. Mwenye ardhi au askari wa hifadhi wa kumwarifu. Nimetumia dakika sita, nikiwa kwenye matatu, kwa simu. Watu wanaandika maneno mengi kuliko hayo wakilalamikia refa.

Na kwa lugha gani? Hapa nitakanyaga vidole vya wenzangu wa fani. Kwa Kiswahili, tafadhali. Yule kijana mchungaji ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika ukikwama, si helikopta. Anaweza kusoma ujumbe wako, na anaweza kukusahihisha. Baada ya siku ile nilimwonyesha mzee ule mstari kwenye simu. Aliugeuza geuza akauliza, "Na maji yako wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Yeye kwa kidole alinionyesha vilima viwili upande wa mashariki, akasema kile cha kushoto kikiwa cheusi, hata mbuzi hawaingii. Maneno kumi na mbili hivi. Faili nzima ya nukta elfu tatu haikuwa nayo.

Nimeandika hati ndogo ya Python, mistari 90, inayofanya kitu kimoja. Unaipa faili ya GPX, inasoma ndani, na kama haina tarehe, maji, kamba, mahali pa kutokea na vilima, inakataa kuibadilisha kuwa karatasi ya kuchapisha. Inaandika tu: "Huu ni mstari." Ikivikuta vyote inatoa ukurasa mmoja wa kukunja na kuweka mfukoni, ramani juu, maneno chini, tarehe kwa herufi kubwa kuliko zote. Ina kasoro, hasa kwenye simu za zamani zinazoandika saa kwa namna zake. Niliijaribu kwa faili 31 nilizokusanya kwenye makundi yetu. Zilizopita ni mbili, na moja niliiandika mimi.

Ile ya Jumatano nimeirudisha kwenye kundi ikiwa na jibu la hati, "Huu ni mstari." Wawili walikasirika wakatoka. Yule wa "Jumamosi tunaingia" alinipigia simu faragha akaniuliza kamba ya mita ngapi. Nilimwambia sijui, wala aliyemtumia faili hajui. Jumamosi wanakwenda, lakini asubuhi watapita kwanza ukingoni kwa miguu, na mzee mmoja wa pale ambaye binamu yake anamfahamu ataonana nao saa mbili barabarani.